Kipa wa Ngazi Yetu

Kuna mzee mmoja wa kanisa letu hapa Tensta kwa Waswidi, Mkenya mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi, ambaye kila akimtambulisha kijana mmoja wa jengo letu kwa mgeni husema, "Huyu ndiye yule mchezaji wetu wa hoki. Nusura afike." Kisha hutikisa kichwa kama aliyeachwa na treni. Nimelisikia neno hilo miaka mingi, na kila nikilisikia linanichoma upya. Nusura afike wapi? Mimi ni dereva wa basi. Najua abiria aliyefika na ambaye hakufika. Basi nayaandika haya nikiwa na hasira, na asije mtu akaniambia nitulie kwanza.

Kijana huyo nitamwita Kipa, maana ndivyo ngazi yetu nzima, sisi tunaopanda ngazi moja ya ghorofa, inavyomwita. Hata mama yake, Mrundi mfupi mwenye mwendo wa haraka, jina lake la ubatizo limeshasahaulika. Sote tunamwita Mama Kipa. Kipa alizaliwa lini, ukoo wao ulitoka kilima gani huko Burundi, babu yake alikuwa nani, hayo waulizeni wanaopenda kupekua mambo kama hayo. Mimi nitasema niliyoyaona, na machache aliyonisimulia mama yake tukichambua maharage jikoni kwake.

Tulikutana kwenye chumba cha kufulia. Wasioishi huku hawajui: jengo zima lina chumba kimoja cha mashine huko chini, tvättstuga, kila familia ina saa zake, na ukimwibia jirani saa yake ni heri ungemwibia mkoba. Nilifungua kabati la kukaushia nguo, harufu ikanirudisha nyuma. Mle ndani zilikuwa zimening'inia pedi za miguu zenye ukubwa wa godoro la mtoto, glavu mbili kubwa zenye jasho la miezi, na suruali ngumu iliyoweza kusimama bila mtu. Ukutani mtu alikuwa amebandika karatasi ya Kiswidi kwa wino mwekundu: hiki ni chumba cha kufulia, si zizi la farasi. Chini yake kulikuwa na jibu, mwandiko safi kabisa: samahani sana, farasi anahama mwezi wa nane. Nikacheka peke yangu. Mlango ukafunguka, akaingia kijana mrefu aliyeinama mabega, akanitazama, akatazama kabati, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Shikamoo, shangazi. Ni mimi farasi."

Wakati huo alikuwa likizo kutoka chuo kikuu Amerika. Kwa ambao hawajawahi kuuona mchezo wenyewe: watu wanavaa viatu vyenye makali chini, wanateleza juu ya barafu kwa kasi ya kutisha, wanapiga kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu, na kipa anasimama langoni akikizuia kwa mwili wake. Chuo kimoja katika mji wa baridi huko kilimpa ufadhili. Wao wakamsomesha, yeye akawalindia lango. Akasoma historia, akamaliza. Picha yake ya mahafali iko sebuleni kwa mama yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile nayo inasikia baridi.

Wazee walimngojea arudi awe mwalimu, au angalau ofisa wa kitu fulani. Hakuwa. Alisaini mkataba na timu ndogo kusini mwa Amerika, kwenye mji wa joto ambako watu walikuja kutazama barafu wakiwa wamevaa kaptura. Baada ya hapo Norway. Kisha Slovakia, Poland, Scotland, kaskazini mwa Ufaransa, Slovakia tena. Pengine alikaa msimu mzima, pengine wiki chache tu, kwa sababu kipa wao ameumia goti, halafu goti lile likapona. Aliwahi kuachishwa kazi kwa simu akiwa kwenye foleni ya supamaketi. Alilipia maziwa yake, akarudi kwake kufunga mzigo. Ile ligi kubwa ya Amerika inayoonyeshwa kwenye televisheni hakuwahi kuicheza. Waliwahi kumwita mazoezini siku chache wakamrudisha. Hapo ndipo yule mzee wa kanisa alipolipatia neno lake.

Siku moja nilimuuliza Kipa kama neno hilo halimuudhi. Tulikuwa ndani ya basi langu, mwisho wa njia pale stesheni ya Spånga, tukingoja muda wa kuondoka.

"Nusura ni la gari lililotaka kukugonga likakukosa," alisema. "Mimi lilinigonga, shangazi. Kila Jumamosi."

Alikuwa na maneno kama hayo, na hakuyasema kwa kutaka kuonekana mwerevu. Aliyasema huku akitafuta tiketi kwenye simu.

Kila mwezi wa tano alirudi nyumbani na koti la timu mpya, na kila mwezi wa sita mama yake alikuwa ameshaligawa. Mama Kipa hawezi kuona koti zuri limekaa kabatini na kuna mtu anatetemeka. Ndiyo maana ukija kanisani kwetu wakati wa baridi utamkuta kiongozi wa kwaya amevaa koti la mji fulani wa Poland, mama wa Kikongo anayeuza vitenge karibu na kituo cha treni cha Skärholmen amevaa la Scotland, na yule mzee wetu wa "nusura", huyo huyo, amevaa koti jekundu la Slovakia lenye uso wa dubu mgongoni. Analipenda sana. Nilimwambia, "Mzee, ungekuwa umefika wewe, ungevaa koti la nani?" Akajifanya anatafuta ukurasa wa wimbo.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ndivyo wasemavyo, na huyu aligaagaa pwani za barafu mpaka akajua kuomba nyumba yenye dirisha kwa lugha nyingi kuliko balozi. Alijua Kislovakia cha dukani, Kifaransa cha chumba cha kubadilishia nguo ambacho hakifai kanisani, Kinorwe cha kumjibu daktari. Kiswahili alikielewa chote, ila yeye alimjibu mama yake kwa Kiswidi, kama watoto wote wa hapa. Mama atauliza kwa Kiswahili cha Bujumbura, mtoto atajibu kwa Kiswidi cha Tensta, na wataendelea hivyo mlo mzima bila hata mmoja kuona ajabu.

Alikuwa na desturi moja ambayo abiria wangu waliizoea baada ya muda. Hakuingia mlango wowote bila kugonga kingo zake mbili kwa vifundo vya vidole, kushoto kwanza, kisha kulia. Mlango wa basi, mlango wa kanisa, mlango wa duka la Wasomali. Langoni alifanya hivyo kwa gongo lake, baada ya kila shambulio. Nilimuuliza kama ni ushirikina, maana mzee wetu alishaanza kunong'ona. "Hapana," alisema. "Kipa hageuki nyuma kutazama goli lake. Ukigeuka tu, umekwisha. Unaligusa, unajua uko wapi, unaendelea kutazama mbele." Alisema pia kwamba goli likishaingia ni la jana, na kipa anayekumbuka magoli aliyofungwa ni heri akauze viatu. Nilimjaribu. Nilimuuliza mechi aliyofungwa mengi zaidi ilikuwa ipi. Alifikiri kwa dhati kabisa, kisha akasema hakumbuki, na nikaamini.

Sasa msidhani nachora malaika. Alikuwa mkaidi, alikuwa na kiburi cha kimyakimya, na ukimshinda kwenye karata haongei mpaka kesho yake. Tena huyu mtu aliyesimama mbele ya kisahani kinachoruka kama risasi alikuwa anaogopa mbwa. Mbwa yeyote, hata wale wadogo wa bibi zetu wa Kiswidi wanaovalishwa sweta. Mama yake alikuwa na tabia ya kumfungia ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Tanganyika, akawaficha ndani ya pedi zake za miguu, akiamini huko Ulaya watamwua mwanawe kwa njaa. Uwanja mmoja wa ndege, mbwa wa polisi alipita mabegi yote akaja kukaa mbele ya begi la Kipa, akatoa ulimi. Kipa akapanda juu ya begi lake mwenyewe. Polisi wakafungua wakakuta jasho na ndagala, na mmoja wao, alisema Kipa, akarudi nyuma na kumwombea mbwa msamaha.

Lakini pamoja na kicheko chake chote, palikuwa na kitu kimoja kilichomuuma, na kila aliyemjua alikijua. Mama yake alimwona akicheza mara moja tu, tena kwa dakika chache, alipokuwa mtoto. Tangu hapo hakuwahi kutia mguu tena kwenye uwanja wa barafu.

Habari hiyo Mama Kipa alinisimulia mwenyewe. Kijana alikuwa bado mdogo wa shule ya msingi, klabu ya hapa karibu ilikuwa inaazima watoto vifaa, na kwa kuwa hakuna mtoto aliyetaka kukaa langoni, wakamweka yeye. Mama akaja na chupa ya chai na mandazi, amevaa vizuri, akidhani anakwenda kutazama watoto wakiteleza. Akaona mwanawe amesimama peke yake mwisho wa uwanja, amefungwa mito mwilini, na watoto wengine wanakuja mmoja mmoja kumrushia kitu kigumu cheusi. Na wazazi wanapiga makofi.

"Nilingojea mutu mmoja aseme basi," aliniambia. "Hakuna aliyesema. Nikasema mimi."

Alishuka ngazi, akafungua kile kilango cha pembeni, akaingia barafuni na viatu vyake vya kanisani. Hakuanguka, na hilo Waswidi walilizungumza kuliko mengine yote. Alitembea mpaka langoni, akawaambia watoto wa watu kwa lugha zake zote kwamba mwanawe hakuwakosea kitu, akamshika mkono, akamtoa nje na pedi zake zikiburuzika. Mwamuzi alisahau hata kupuliza filimbi.

Msicheke. Au chekeni, hata yeye hucheka sasa, ila sikilizeni na lililobaki. Aliniambia, akiendelea kuchambua maharage, "Nilikotoka, ukiona mutu mmoja amesimama na wengine wanamurushia vitu, na walio pembeni wanashangilia, ule si mchezo. Mimi nimekuwa pale pembeni. Nimekuwa na pale katikati."

Mtoto alilia wiki nzima akitaka kurudi langoni. Mwishowe wakapatana jikoni, mama akimwambia, "Cheza. Nguo nitafua, chakula nitapika, nitakuombea. Lakini macho yangu hayatarudi mule." Na mwanamke huyo ni wa kushika neno. Alifua pedi zile miaka yote. Yeye ndiye aliyekuwa akitumia saa zetu zote za kabati la kukaushia. Mwanawe alipocheza hapa mjini, alipiga magoti jikoni. Alipocheza ng'ambo, alinipigia mimi simu, kwa kuwa nilikuwa na ile programu ya kufuatilia mechi.

"Tazama simu yako. Yuko salama?"

"Yuko salama, Mama Kipa. Wanaongoza mbili kwa moja."

"Sikukuuliza hayo."

"Na amezuia penalti!"

"Mimi nimekuuliza kama yuko salama, weye unanipa hesabu." Akakata.

Miaka ikaenda hivyo. Kipa alipokuwa kaskazini mwa Ufaransa, alicheza ugenini kwenye mji fulani mdogo ambapo kundi la watazamaji nyuma ya goli lake lilimtolea sauti za nyani mechi nzima. Sitautaja mji, haustahili. Hakuruhusu goli hata moja. Filimbi ya mwisho ilipolia, wenzake wakaingia ndani, yeye akabaki. Alivua ile kofia yenye wavu wa chuma, akaiweka juu ya goli, akazunguka uwanja mzima polepole, peke yake, uso wazi, akimtazama kila aliyekuwa bado amekaa. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini huyu hakutosheka na kunywa, alitaka vyura wamwone anavyokunywa. Nilimuuliza alikuwa anafikiri nini wakati anazunguka. "Nilikuwa nawapa muda wanitazame vizuri," alisema. Nilijivuna siku ile kana kwamba nimemzaa mimi.

Basi mtu kama huyo, Waswidi nao wakaja kumtaka kwa namna yao. Walitaka kumpiga picha ya bango, amesimama mbele ya maghorofa ya Tensta na gongo begani, ili watoto wa wahamiaji waone kwamba inawezekana. Alikataa. Mzee wa kanisa alimfokea: heshima kama hiyo unaitupa? Kipa akamjibu kwa adabu, kwa Kiswahili kitupu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake. "Mzee wangu, kwa hawa mimi ni hadithi nzuri, kwenu mimi ni hadithi mbaya. Wote mnataka nisimame tuli mnieleze. Mimi nina mazoezi saa kumi na moja." Akachukua begi lake akaondoka, na kweli alikuwa na mazoezi.

Nyonga ndiyo iliyomrudisha nyumbani moja kwa moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kipa huinama maisha yake yote, magoti ndani, miguu nje, kama chura aliyetandazwa. Daktari alimpasua, akamshona, akamwambia aache kucheza. Hapo nitampa mzee wetu haki yake: yeye ndiye aliyemtafutia kazi kwenye ghala moja huko Spånga, na hakumsimanga hata siku moja kwa hilo. Kila mtu alidhani sasa yamekwisha. Mama Kipa alipika pilau la shukrani, akaalika ngazi nzima. Tulipokuwa tunakula, Kipa akatangaza kwamba amesajiliwa na timu ya daraja la chini inayocheza huko huko Spånga, jioni na mwisho wa wiki, bila mshahara.

Kijiko cha mama yake kikasimama.

"Daktari amekuambia nini?" aliuliza.

"Att jag ska sluta," alijibu kwa Kiswidi, kwamba niache.

"Na weye?"

"Jag slutar, mamma. Men inte för att någon ringer." Nitaacha, mama, lakini si kwa sababu mtu amepiga simu. Nilimwelewa. Timu zote alizopitia, ni wengine waliomwambia imetosha: kwa simu, kwa karatasi chini ya mlango, mara moja kupitia mtu wa kufua jezi. Mara moja tu katika maisha yake alitaka aseme mwenyewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikasema kwa sauti, na Mama Kipa akanitazama kwa jicho lililonirudisha kwenye pilau langu.

Alicheza msimu wote. Nilikuwa namchukua kazini na begi lake, anagonga kingo za mlango wangu, anakaa kiti cha mbele mguu umenyooshwa. Walikuwa wanafungwa mara nyingi. Wenzake walikuwa mafundi umeme na wanafunzi, na mmoja alikuwa daktari wa meno, jambo ambalo Kipa alisema lina faida kwenye hoki kuliko beki mzuri. Mwisho wa baridi aliniambia ameamua. Mechi ya mwisho ya nyumbani ndiyo itakuwa yake ya mwisho, Jumamosi mchana. Hakuna aliyempigia simu.

Siku chache kabla ya hiyo Jumamosi nilikuwa jikoni kwa mama yake wakati Kipa alipoingia. Alisimama mlangoni, hakugonga kingo. Akasema, kwa Kiswahili, neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "Mama, nakuomba uje unitazame. Mara moja. Sitakuomba tena."

Sikuwahi kumsikia akimwambia mama yake sentensi nzima kwa Kiswahili. Mama Kipa naye hakuwahi, niliona. Alifuta meza iliyokuwa safi. "Nilisema neno langu," alijibu. "Unataka nilivunje?"

"Ndiyo," alisema Kipa.

Mama akarudia kufuta meza. Kijana akaitikia kwa kichwa, akaenda chumbani kwake. Mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia mwanamke yule, na nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba watu wasiomjua wamemtazama mwanawe kwenye nchi ambazo hata kuzitamka hatuwezi, na aliyemfulia jasho lake hajamtazama. Alinifungulia mlango niende nyumbani kwangu. Nilikwenda, na sijutii.

Jumamosi ile zamu yangu ilikuwa ya jioni, kwa hiyo nilikuwa naelekea uwanjani kama mtazamaji. Nilipofika kituoni, Mama Kipa alikuwa pale, amevaa koti lake la Pasaka na viatu vya kanisani, kashika chupa ya chai. "Usiseme kitu," aliniambia. Sikusema, na mnaonijua mnajua ilivyonigharimu.

Mlangoni mwa uwanja alisimama. Ile hewa ya barafu, ile harufu, zilimjia usoni. Watu wakawa wanatupita. Alishika ukingo mmoja wa mlango kwa mkono, kisha ukingo wa pili kwa mkono mwingine, akavuta pumzi, akaingia. Sijui kama alijua amefanya nini.

Tulikaa nyuma ya goli, nyuma ya kile kioo kinene. Watazamaji hawakuwa wengi, na mmoja wao alikuwa mzee wetu na dubu wake mgongoni. Kipa hakutuona, kipa hatazami nyuma. Mechi ilipoanza Mama Kipa alifumba macho kila kisahani kilipokuja, akayafumbua kwa woga, akakuta mwanawe bado amesimama. Polepole akaacha kufumba. Akaanza kuniuliza maswali. Yule mwenye namba tisa mbona hafanyi kazi? Yule wa bluu mbona anamsumbua?

Timu ya Kipa ilikuwa nyuma kwa mabao, na mwishoni wale wa bluu walikuja kama mvua. Akazuia kwa mguu, akazuia kwa glavu, akajitupa akazuia kwa kifua. Kisha kisahani kikampiga kwenye kofia, juu kidogo ya jicho, sauti yake tukaisikia kwenye meno yetu. Akaanguka chali. Filimbi ikalia.

Mama Kipa alisimama. Nilimshika koti, akajinasua. Akashuka ngazi zote mpaka kwenye kioo, na mimi nyuma yake, nikijua kabisa kwamba leo tena mtu anaingia barafuni na viatu vya kanisani. Kipa alijigeuza, akapiga magoti, akainuka kwa kushikilia nyonga. Akagonga nguzo ya kushoto. Akagonga ya kulia.

Ndipo mama yake akapiga kioo kwa kiganja.

"Rusheni tena!" aliwapigia kelele wale vijana wa Kiswidi wasiojua hata neno moja la Kiswahili. "Rusheni tena! Mumemurushia na amesimama! Uyu ni mwanangu! Rusheni!"

Nilishasema kwamba kipa hageuki nyuma. Siku ile aligeuka. Aliinua wavu wake wa uso, akamwona mama yake kwenye kioo, kiganja chake kimebandikwa pale, na akabaki anamtazama.

Mwamuzi alikuwa ameshatazama saa yake. Alidondosha kisahani mchezo uendelee, namba kumi na saba wa bluu akakipiga palepale, na kikapita pembeni mwa Kipa ambaye alikuwa ndiyo kwanza anashusha wavu. Taa nyekundu ikawaka nyuma yetu.

"Wamefunga?" Mama Kipa aliniuliza, macho hayajamtoka mwanawe.

"Wamefunga."

"Yuko salama?"

"Si unamwona mwenyewe?"

"Ninamuona," alisema.

Nyuma yetu mzee wa kanisa alikuwa amesogea, akapaza ile sauti yake. "Nusura akizui..." Mama Kipa akageuka. "Baba," alimwambia, "nyamaza, tunatazama." Na yule mzee, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza.

Jioni nilikuwa kwenye usukani wangu pale stesheni ya Spånga walipokuja, yeye na mama yake, wamelishika begi kila mmoja upande wake, mzigo ukimwinamia mama kwa sababu mwana ni mrefu. Uvimbe ulikuwa umeanza kumfunika Kipa jicho. Aligonga kingo za mlango wangu, kushoto, kulia, akapanda kwa shida, akasimama karibu nami.

"Shangazi, unajua magoli mimi huwa nasahau," alisema. "Lile naondoka nalo."

Mama yake alikuwa bado kwenye ngazi ya basi, anasukuma begi kwa goti. "Lile ungelizuia," alisema. "Watu wako mbele, weye unatazama nyuma. Kipa gani anatazama nyuma?"

Kipa akacheka mpaka akaishika nyonga. Nikafunga milango, nikaondoa basi, tayari nimechelewa.